Bima Imelitoa Jina la Yasmini

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nakusimulia kidogo nyuma, kisha tuendelee na mkasa wangu.

Mie ni Mwanawetu, mjane wa kijiji cha Umwe. Mtoto aliyenibakia ni mmoja, Yasmini. Mwaka wa mafuriko alijifungulia kwa wakwe zake, huko visiwani kwenye delta, njia zikiwa zimekatika. Nilipofika, siku ya nne, nilionyeshwa kaburi. Wakaniambia mtoto alizaliwa amekufa. Tangu siku ile mwanangu alifunga mdomo.

Nikamrudisha kwangu. Tukazunguka. Mganga mmoja alisema ni jini wa mtoni. Mwingine akamchapa fimbo ili jini atoke. Simsim yangu yote ya msimu iliishia kwao, na jini hakutoka kwa sababu hakuwemo. Mara mbili nilimkuta Yasmini kasimama mtoni, maji kifuani, mahali ambapo hata wavuvi hawashuki kwa kuogopa mamba.

Ndipo nesi wa zahanati akatuunganisha na Dada Zuhra, mnasihi wa Dar es Salaam anayezungumza na wagonjwa kwa simu ya picha. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi. Malipo yalitoka kwenye bima ya kazini kwa mkwe wangu Badru. Vikao kumi na viwili kwa mwaka.

Katika kikao cha tano Yasmini alisema maneno kumi na moja. Niliyahesabu nikiwa mlangoni, Mungu anisamehe kwa kusikiliza ya watu. Manne ya mwisho yalikuwa haya: "Alhamisi ijayo nitakwambia yote."

Dada Zuhra akanipigia baadaye. "Mama, kikao kijacho kisikosekane. Mtu aliyekaribia kusema ndiye wa kuchungwa zaidi. Akikuta mlango umefungwa anaweza kurudi mtoni. Usimwache peke yake hata dakika moja."

Na pale ndipo nilipowaacha: Jumatatu, nimesimama uani, simu mkononi, meseji inasoma HUDUMA HAIKUIDHINISHWA. MHUSIKA SI MTEGEMEZI.

Jumanne alfajiri nilimwacha Yasmini na jirani yangu Bi Hajira, nikapanda gari la Kibiti.

Ofisi ya wakala wa bima ni chumba kimoja, na kijana aliyemo anaitwa Nurdini. Alinikaribisha vizuri, akanivutia kiti, akaniuliza shida yangu. Nikamwonyesha ile meseji.

Akaandika namba kwenye kompyuta. Akaandika tena. Kisha akaanza kukuna shingo.

"Mama yangu, huyu hasomi."

"Hasomi nini? Kafika darasa la saba."

"Namaanisha kwenye sistimu. Jina lake halimo."

"Wiki iliyopita lilikuwemo."

"Lilikuwa limeshatoka, mama. Ila sistimu ilichelewa kujisasisha. Hata vile vikao vya nyuma mlivipata kwa bahati tu."

"Nani kalitoa?"

Nurdini akatazama mlangoni. "Hilo siwezi kukwambia. Wewe si mwanachama. Mwanachama ni mkweo."

"Basi niingize upya. Nilipe mie mwenyewe, niwe huyo mwanachama."

Alinieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kipo kifurushi cha mtu binafsi. Ukilipia leo, malaria unatibiwa baada ya mwezi. Kujifungua ni mpaka mwaka upite. Maradhi ya akili na unasihi, miezi mitatu.

"Miezi mitatu?"

"Ndiyo, mama. Wanaogopa mtu asijiunge akiwa ameshaugua."

"Sasa nani anajiunga akiwa mzima anasubiri kuugua?"

Akacheka, nikaona aibu kumchekesha wakati roho yangu inatoka.

"Na nikilipa taslimu?"

"Kikao kimoja elfu sitini. Kila wiki."

Nilikuwa na elfu kumi na nane kwenye pindo la kanga, na nauli imo humohumo.

Sikuondoka. Watu waliingia, watu wakatoka, mie nipo kitini. Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikamwomba Nurdini ruhusa nisali pembeni mwa kabati lake la mafaili. Nilipotoa salamu nikamkuta ananitazama.

"Mama, umeniombea dua mbaya?"

"Sijakuombea mbaya. Nimekuombea upate mama mkwe atakayekupenda kama nilivyompenda mimi mkwe wangu."

Kisha akainuka, akarudisha mlango, akanong'ona. "Nikwambie kitu, halafu hujakisikia kwangu. Bima hii inachukua mwenza mmoja tu. Mume anaweza kuwa na wake wanne kwa dini yake, hiyo ni haki yake, lakini kwenye fomu nafasi ni moja. Ukitaka kumwingiza mwingine, lazima wa kwanza atoke. Na hatoki bure. Lazima iletwe karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kifo. Au ya talaka."

Akafungua kabati lake la mafaili, akatoa faili moja.

"Mama, mwanao ameachika tangu mwezi wa sita. Karatasi ninayo hapa, ina mashahidi wawili. Nafasi yake sasa ina mtu anaitwa Sihaba."

Sikulia. Nilimshukuru Nurdini, nikamrudishia kiti chake, nikatoka. Barabarani ndipo nilipogundua nimeacha ndala zangu kwenye ofisi ya watu.

Jamani, fikirini. Badru alikuwa anakuja kwangu kila Ijumaa baada ya swala. Analeta sukari, analeta perege. Anakaa barazani, anauliza, "Mgonjwa wetu vipi?" Mgonjwa wetu! Na huyo mgonjwa si mkewe tena, na mgonjwa mwenyewe hajui, na mama wa mgonjwa anamkaangia perege.

Niliteremka Ikwiriri. Badru ni mpimaji kwenye ghala la simsim, yeye na mzani wake. Nje wamekaa wanawake wanapepeta. Waliponiona, mmoja akapaza sauti.

"He! Bi Mwanawetu kamfuata mkwe kazini! Leo kuna jambo!"

"Kaja kudai mahari iliyobaki!" akadakia mwenzake.

"Mahari gani, kaja kumpima mkwe kilo!"

Wakaangua kicheko. Nikapita.

Mnajua sisi na wakwe. Miaka sita sikuwahi kumtazama Badru usoni. Nikiongea naye naelekeza uso pembeni, kanga imefika kwenye nyusi, na yeye anaongea na ardhi. Siku ile niliivuta kanga nyuma, nikamtazama ndani ya macho. Akaachia jiwe la mzani.

"Mama! Kuna nini? Yasmini?"

"Sihaba ni nani?"

Wanawake nje wakaacha kupepeta. Hata ungo haukusikika.

Badru akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala. "Mama, nakuomba, punguza sauti. Nitakueleza."

"Nieleze."

"Nimeoa. Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa natafuta siku ya kuja kusema."

"Ijumaa zote hizi hukuiona?"

"Niliogopa kwa hali ya Yasmini."

"Dini imekuruhusu wa pili, sigombani na dini. Nakuuliza karatasi ya talaka."

Akakaa juu ya gunia. Jitu zima, mikono kichwani.

"Mama, ile si talaka. Ile ni ya bima. Sihaba ana mimba ya miezi tisa, na daktari kasema hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida, nyonga yake ndogo. Lazima apasuliwe. Jumamosi hii. Nitatoa wapi pesa ya kisu? Mama, mie nimeshazika mtoto mmoja. Wakaniambia nafasi ni moja. Nikasema niandike karatasi, akishajifungua nimrudishe Yasmini kwenye fomu. Miezi michache tu. Karatasi tu, mama."

"Karatasi ina mashahidi."

"Ndiyo."

"Walishuhudia nini?"

Akaanza kuchomoa nyuzi za gunia.

Nikamwambia, "Inuka. Tunakwenda kwa Ustadh."

Ustadh Abdulswamadu tulimkuta anawafundisha watoto. Akawaruhusu waende, akatugeuzia uso. Badru akaeleza kama alivyonieleza mie, karatasi, bima, kisu.

Ustadh akamsikiliza mpaka mwisho. "Mtu akiandika tu bila kutamka, tunamuuliza nia yake. Uliandika kwa nia ya kumwacha?"

"La, Ustadh. Kwa nia ya bima."

"Utaapa?"

"Nitaapa."

Mie moyo ukaanza kutulia. Nikasema alhamdulillah, mwanangu bado ana mume, iliyobaki ni habari ya fomu.

Lakini Ustadh hakumaliza. "Na mashahidi walisaini bila kusikia kitu?"

Badru akameza mate. "Walikataa kusaini. Walisema wao ni watu wa msikitini, hawawezi kushuhudia maneno ambayo hawajayasikia. Wakasema, sema kwanza, ndipo tusaini."

"Ukasema?"

"Nilisema kwa ajili yao tu, Ustadh. Ili wasaini."

"Ulisemaje?"

"Nilisema... nimemwacha mke wangu Yasmini talaka moja."

"Mbele ya wanaume wawili, ukiwa na akili zako?"

"Lakini sikukusudia! Ilikuwa kama mchezo!"

Ustadh akafunga kitabu chake. "Badru, katika jambo hili mchezo na kweli ni kitu kimoja. Mwanamke huyo umemwacha."

Nikashika jamvi.

"Ila ni moja," akasema Ustadh. Akaniuliza Yasmini ameona hedhi mara ngapi tangu mwezi wa sita, nikamwambia mara mbili. "Na eda yake haijatimia kama hesabu ya mama huyu ni sawa. Mlango uko wazi. Tamka hapa hapa, mbele yangu na mbele ya huyu mzee muadhini anayetawadha pale, kwamba umemrejea. Neno moja. Hakuna mahari, hakuna harusi. Kisha mambo ya bima ukayarekebishe huko unakojua."

Nikamgeukia mkwe wangu. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, naapa. Nilijua anasema.

Hakusema.

"Badru, baba," nikamwambia. "Tamka."

"Mama, kwao Sihaba wameniona nikileta ile karatasi. Wamekubali binti yao abaki kwangu kwa kuwa Yasmini kaachwa. Nikimrejea sasa, Jumamosi watanikatalia kumsindikiza hospitali. Ngoja ajifungue kwanza."

"Eda haingoji mtu ajifungue."

"Mama, nielewe."

Nilimwelewa. Nilielewa kwamba bima ilikuwa fimbo ya kuchapia tu. Mtu huyu alishachoka na mke asiyesema, na hakuwa na uso wa kumwambia mjane wa watu.

Ustadh akainama, hakututazama tena.

Nje, karibu na mtungi wa udhu, Badru akanikimbilia. "Mama, subiri. Vikao vya Yasmini usiviogope. Nimefikiria." Akatoa simu yake. "Hii ni namba ya kadi ya Sihaba. Wale wa Dar wanachotaka ni namba. Sihaba yeye haumwi kichwa, vikao vyake kumi na viwili vipo vimelala. Watumie namba hii badala ya ile. Nani atajua? Ni simu tu."

"Hiyo ni dhuluma, Badru."

"Dhuluma kwa nani? Ni bima yangu mimi. Ni jasho langu."

Nikakataa. Nikaondoka nikikataa. Nikafika nyumbani nikikataa.

Nilimkuta Yasmini barazani. Bi Hajira alikuwa anamsuka, anampigia porojo peke yake. Yasmini aliponiona akafanya kitu ambacho hajakifanya tangu mwaka wa mafuriko. Alinyanyua vidole viwili, akanionyesha.

Bi Hajira akauliza, "Viwili nini, mwanangu? Viazi?"

Mie nilielewa. Siku mbili. Alikuwa anahesabu kuifikia Alhamisi.

Jumatano nilimwacha tena na Bi Hajira, nikahangaika. Nilikwenda kwa mnunuzi wa mpunga nikamwomba anilipe kabla sijavuna, akaniambia shamba langu hata miche haijashika. Nilikwenda kwa shemeji yangu Saidy, kaka wa marehemu mume wangu.

"Shemeji," akanijibu, "elfu sitini kwa kuongea? Mlete hapa nimwongeleshe bure!"

"Saidy, hili si la mzaha."

"Wala sifanyi mzaha. Huyo mwanamke wa Dar anamchoma sindano? Hamchomi. Anampa dawa? Hampi. Anamwambia 'pole, unajisikiaje.' Hata mie najua kusema pole."

Alinipa elfu tano na kuku mmoja. Mungu amlipe, ndicho alichokuwa nacho.

Nikampigia Dada Zuhra. Nilitaka nimweleze yote. Simu ikapokewa na mwenzake wa ofisini, akasema yumo kikaoni mpaka jioni, na akaongeza, "Mama, ombi la kesho bado halina idhini. Mkituma namba sahihi kabla ya saa kumi leo, litapita. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine."

"Na Alhamisi inayofuata?"

"Dada Zuhra anakwenda masomoni. Wiki tatu."

Wiki tatu!

Sasa, wasomaji wangu, hapa ndipo penye aibu yangu, na sitaipaka rangi. Wengi wenu mmeniandikia kupitia gazeti mkiniita mama mcha Mungu. Nimefunga Jumatatu na Alhamisi miaka kumi na tisa tangu mume wangu afe. Sijawahi kuchukua hata chumvi ya mtu bila kusema.

Nilisali Alasiri mapema, nikakaa juu ya mswala, nikaitazama ile namba ya Sihaba ambayo Badru alikuwa amenitumia bila kuniuliza. Yasmini alikuwa uani anafua. Alikuwa anafua buibui lake jeusi, lile la kutokea. Kwa ajili ya kikao cha simu! Alitaka awe safi mbele ya Dada Zuhra.

Nikatuma.

Baada ya muda kidogo simu ikajibu. IMEIDHINISHWA. ALHAMISI SAA 4.00.

Nilidhani namba ni ya kulipia tu, kama luku. Unaingiza namba, umeme unawaka, luku haikuulizi wewe nani. Mie na darasa la saba langu, sikujua kwamba namba inatembea na jina.

Alhamisi asubuhi Yasmini alioga mapema. Akajifukiza udi, akavaa. Saa nne kasoro dakika tano aliingia chumbani, akaegemeza simu kwenye debe la unga, akakaa mbele yake mikono magotini kama mwanafunzi wa mtihani.

Mie nikakaa nje ya pazia, tasbihi mkononi.

Simu ikaita. Ikapokewa. Kisha kimya.



Nikamsikia Dada Zuhra. "Yasmini? Assalamu alaikum. Hapa kwangu kimetokea kitu cha ajabu. Kwako skrini imeandika nini?"

Yasmini akasoma polepole. "Karibu Sihaba."

"Na kwangu hivyohivyo. Mama yupo karibu? Mwite."

Sikungoja kuitwa. Nikaingia nikiwa nimejifunika mpaka mdomoni.

Dada Zuhra hakunikaripia. Bora angenikaripia. "Mama," akasema, "mwanao nimemzoea, uso wake naujua. Lakini kikao hiki kimelipiwa na mtu mwingine. Sihaba ni nani?"

Nikaanza, "Ni... ni jina lake la nyumbani. Huku kwetu mtu anakuwa na majina mawili..."

Ndugu zangu, nilikuwa nimefunga. Siku ya saumu, nimekaa mbele ya mwanangu, natunga uongo wa pili kuufunika wa kwanza.

Yasmini akanishika mkono.

"Mwambie tu, Mama," akasema. "Sihaba ni mke wa Badru."

Nilimtazama kama ninayemwona mara ya kwanza.

"Unajua?"

"Aliniandikia. Siku ileile aliyoniacha. Akasema nisikwambie kwa sababu una presha." Akanifuta uso kwa pindo la buibui lake. "Mama, kila Ijumaa ukimkaangia perege nilikuwa nataka kucheka na kulia. Nikasema nikifungua mdomo nitakuua."

Miezi mitatu kasoro! Miezi mitatu kasoro mwanangu alikuwa ananilinda mie, na mie siku tatu nimeuza dini yangu kumlinda yeye na habari aliyokuwa nayo kifuani.

Dada Zuhra alikuwa anapangusa macho. Kisha akajikaza, sauti ikawa ya kazi.

"Sikilizeni wote wawili. Kisheria natakiwa nikate simu hii sasa hivi. Huu ni udanganyifu wa bima, na leseni yangu imo ndani yake. Na Sihaba huyo, mama, umemwandikia maradhi yasiyo yake. Faili lake sasa linasema ana ugonjwa wa akili wa kiwango cha kuchungwa. Anatarajia matibabu yoyote karibuni?"

"Kisu," nikasema. "Jumamosi. Ana mimba."

Nikaona rangi yake inabadilika hata kwenye simu.

"Mama, umefanya nini? Daktari wa usingizi akilisoma faili hilo hatamgusa mpaka aonwe na bingwa. Na bingwa si wa Jumamosi."

Inna lillahi. Mtoto wa watu, mimba ya miezi tisa, nyonga ndogo. Sijawahi hata kumwona sura. Nilikuwa nimenyoosha mkono kumwokoa wangu, nikamsukuma wa mwenzangu.

"Kuna jingine," akaendelea Dada Zuhra. "Kikao kinapoanza, mwenye kadi hupelekewa meseji. Kama si yeye aliye kikaoni, anabonyeza, na sistimu inatufungia papo hapo. Anaweza kuwa anaisoma sasa hivi. Yasmini, sitaki ulichokibeba ukitoe nusu. Niambie, unataka kusema leo, au tutafute njia nyingine ya halali, hata kama itachukua siku mbili tatu? Nitawapigia kwa vocha yangu mwenyewe jioni. Nakuahidi."

Nilitaka kumjibia. Nilitaka kusema jioni, Dada, jioni. Yasmini akanikatiza kwa mkono.

"Nikingoja jioni sitasema tena," akasema. "Ya Badru si niliyotaka kukwambia. Badru ni mtu tu, kapita. Ni ya mtoto."

Akavuta pumzi.

"Mama, wewe uliambiwa alizaliwa amekufa. Mama yake Badru ndiye aliyenizalisha. Ndiye aliyemviringisha kwenye kanga, akatoka naye."

"Ndiyo, mwanangu."

"Alilia."

"Nani?"

"Mtoto. Alilia mara tatu, Mama. Nilimsikia kwa masikio yangu. Wakaniambia nimechanganyikiwa kwa uchungu."

Tasbihi ikanianguka.

Ninyi mnaojua dini mnajua neno lile lina uzito gani. Mtoto asiyelia hukafiniwa, akazikwa, basi. Aliyelia ni mtu kamili. Anapewa jina. Anaswaliwa. Yule waliniambia hawakumswalia, na mie nikaona sawa, nikakaa juu ya kaburi lake nikasema alhamdulillah kwa kila jambo. Na kama alilia mara tatu, basi nani alimnyamazisha? Na kwenye ile kanga walizika nini?

"Yasmini," akasema Dada Zuhra kwa sauti ya chini sana, "niko hapa. Endelea. Baada ya mara ya tatu..."

"Baada ya mara ya tatu mlango ulifunguliwa, akaingia..."

Skrini ikawa nyeusi.

KIKAO KIMEFUNGWA. MWENYE KADI AMEKATAA HUDUMA.

Yasmini akaendelea kuitazama simu, mdomo wazi, neno likiwa limesimama palepale. Kisha nikaona midomo inafungana. Polepole, kama ilivyofungana mwaka ule.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mwanangu, niambie mie. Nani aliingia? Niambie mie!"

Nikainyakua simu nimpigie Dada Zuhra. Haikuwa na vocha. Nikakimbilia barazani kuchukua yangu, nikamwita Bi Hajira kwa sauti ya msibani. Niliporudi nimebonyeza namba nusu, simu ikaanza kuita mkononi mwangu. Namba ngeni. Nikapokea nikidhani ni Dada Zuhra.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke kijana, inahema kama aliyepanda kilima. "Mie naitwa Sihaba. Namba yako nimeikuta kwa mume wangu. Nataka kujua nani anatumia jina langu, maana hapa hospitali wamenivua kitambulisho cha mkononi, wanasema..."

Nikavuta pazia.

Buibui jeusi lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kitanda. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na nyayo zilikuwa zinaelekea mtoni.

"Haloo? Mama, usikate! Uchungu umeshaanza, mama, nisaidie, waambie si mimi!"